Mzee Aliyepigana na Viriba vya Divai

Tumtunge mzee mmoja. Tumweke Bugendana, juu ya mlima mmojawapo wa mkoa wa Gitega, katika nyumba ya matofali yenye paa la bati, migomba nyuma yake na shamba la maharage mbele yake. Umri wake ni miaka 67. Alikuwa askari, akastaafu kwa heshima, na sanduku lake la bati lenye namba yake ya jeshi lingali chini ya kitanda. Ni mtu mpole. Majirani humwita wanapogombania mipaka ya mashamba, kwa sababu hapandishi sauti. Lakini mkewe, aliyezaa naye watoto saba, alikwenda kisimani asubuhi moja akiwa na jicho lililovimba, na wenzake walipomwuliza alijibu kwamba amejigonga mlangoni. Mwezi uliofuata akawa na mkono uliovilia damu. Safari hiyo hakuna aliyeuliza.

Lililotokea ndani ya nyumba ni hili. Karibu na jogoo la kwanza mzee huanza kunung'unika, kisha hutoa amri kwa sauti ya paredi, kisha hurusha ngumi na mateke. Usiku mmoja aliruka kutoka kitandani akapasua paji la uso kwenye ukingo wa kabati. Mkewe akimwita kwa nguvu, "Baba watoto! Baba watoto!", huamka mara moja, akaeleza bila kusita: alikuwa akiwafukuza wezi waliomwibia ng'ombe, na mmoja wao alikuwa amemshika koo. Taa ikiwashwa, aliyemshika koo huonekana ni mama mwenye nyumba, naye mzee huona haya mpaka asubuhi.

Mlimani maelezo ni matatu. Wako wasemao kwamba mzee ameanza kumpiga mkewe uzeeni. Wako wasemao kwamba amerogwa, au kwamba waliokufa vitani wamemrudia. Na yuko mwalimu wa shule, aliyesoma kidogo zaidi, asemaye kwamba mzee ana maradhi ya kutembea usingizini. Mwalimu amekaribia kweli kuliko wengine, ila hajafika, na umbali uliobaki kati yake na kweli unaweza kuamua miaka kumi ijayo ya mzee huyu na jamaa yake.

Mzee tumemtunga, lakini maradhi yake hatukuyatunga. Ili tuyatambue tutawaita wagonjwa wengine wawili wa vitabuni, ambao madaktari wa zama hizi wamewachunguza kana kwamba wamelala wodini.

Mgonjwa wa kwanza wasomaji wa Kiswahili wanaweza kumfahamu pasipo kujua Kiingereza. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katikati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1968, S. S. Mushi alitoa Makbeth, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Humo yumo mke wa Makbeth, mwanamke aliyemchochea mumewe amwue Mfalme Duncan, mgeni wao, angali amelala.

Mwanzoni mwa tendo la tano twakuta daktari na mwanamke mtumishi wa malkia wakikesha. Usiku huu ni wa tatu, na siku mbili zilizopita daktari hakuona kitu. Mtumishi anatoa habari zake kama shahidi aliyefundishwa kazi. Anasema mambo yalianza lini: tangu Makbeth alipoondoka kwenda vitani. (Wake wa askari watakaosoma hapa watajua kwamba Shakespeare hakubahatisha.) Anasema mambo yanakwendaje: malkia huondoka kitandani, hujitupia vazi, hufungua kabati kwa ufunguo, hutoa karatasi, huikunja, huandika, husoma aliyoyaandika, huitia lakiri, kisha hurudi kulala, na muda wote huo yumo katika usingizi mzito. Lakini daktari anapomwuliza malkia husema nini, mtumishi anakataa kurudia, kwa kuwa hana mtu wa kuthibitisha maneno yake. Hapo ndipo malkia mwenyewe anapoingia na mshumaa. Macho yako wazi, lakini hayaoni. Anasugua mikono yake kama mtu anawaye, na mtumishi anasema amepata kumwona akiendelea hivyo robo saa nzima. Daktari, naye asifiwe kwa hili, anaandika kila analosikia.

Tabibu yeyote aliyepata kuwaona watembea usingizini atalikuta humo karibu kila jambo analolitafuta. Macho huwa wazi. Mtu hutoka kitandani na pengine chumbani. Hufanya kazi alizozizoea, kama kufungua mlango, kupanga vyombo, kuvaa nguo. Haamshiki upesi, na akiamshwa hajui alipo. Asubuhi hakumbuki kitu, au hukumbuka kipande tu.

Shakespeare aliandika mchezo huo mnamo mwaka 1606. Ilipita miaka zaidi ya 350 kabla ya wataalamu kueleza kwa nini inakuwa hivyo. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha kwamba usingizi si kitu kimoja. Upo usingizi ambao macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ndani yake ndizo zimo ndoto nyingi zilizo wazi. Na upo usingizi mwingine, mtulivu, ambao sehemu yake ya ndani ni nzito mno. Mwaka 1968 Roger Broughton aliandika katika jarida la Science kwamba kutembea usingizini si kucheza ndoto hata kidogo. Ni kuamka kusikokamilika kutoka katika usingizi mzito: sehemu ya ubongo inayoendesha miguu na mikono imeamka, na sehemu inayojua na kukumbuka ingali imelala.

Usingizi mzito huja kwa wingi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Aliyelala saa tatu atatembea saa nne, tano au sita, ni nadra kuwa alfajiri. Tena usingizi huo ni mali ya watoto, na hupungua kadiri mtu anavyozidi kuwa mzee. Ndiyo sababu watembea usingizini wengi ni watoto. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika kipindi cha mwaka mmoja watoto wapatao 5 katika kila 100 hutembea usingizini, lakini kati ya watu wazima hawafiki 2. Mtoto wa askari anayezunguka kambini usiku kwa kawaida hahitaji dawa. Anahitaji mlango uliofungwa, kulala mapema, na mzazi wa kumshika bega na kumrudisha kitandani bila kelele. Ile hofu ya kwamba mtembea usingizini akiamshwa atakufa haina msingi. Ubaya wa kumwamsha kwa kishindo ni kwamba anaweza kushtuka akampiga amwamshaye.

Malkia wa Makbeth ni mtu mzima, na kitabu hakisemi kama alitembea utotoni. Hata hivyo mambo ya kumwamshia maradhi anayo tele: hatia, woga, mume aliye vitani, na nyumba ambayo ndani yake hakuna aliyelala vizuri tangu usiku wa mauaji. Watafiti wa Montreal, Kanada, wamethibitisha kwamba mwenye tabia hii akikeshwa, usiku unaofuata hutembea zaidi, kwa sababu mwili hulipa deni la usingizi kwa kuuzidisha usingizi mzito. Askari polisi aliyetoka zamu ya saa 24 na anayejua kwamba alipokuwa mtoto aliokotwa uani usiku, aliweke jambo hili moyoni. Jambo moja tu la malkia linawatatiza madaktari: anasimulia usiku wa mauaji kwa urefu na kwa mpangilio, kuliko wafanyavyo watembea usingizini walio wengi. Nadhani tumsamehe mtunzi hapo. Alihitaji daktari asikie siri, na mchezo hauwezi kuendelea kwa minong'ono isiyoeleweka.

Sasa tumweke mzee wetu wa Bugendana kando ya malkia. Yeye huanza karibu na jogoo, si mwanzo wa usiku. Macho yake yamefumba. Hafungui mlango wala hachukui ufunguo. Hupigana papo hapo alipolala, au huruka akaanguka hatua moja mbele. Akiitwa huamka mara moja akiwa na akili zake timamu, tena ana ndoto nzima ya kusimulia, na ndoto hiyo inalingana na ngumi alizorusha. Na hali yake ilianza baada ya miaka 60. Mambo matano, na yote matano yanakataa. Huyu si mtembea usingizini.

Basi tumwite mgonjwa wa pili.

Miguel de Cervantes wa Uhispania alikuwa askari kabla ya kuwa mwandishi. Katika vita vya majini vya Lepanto, tarehe 7 Oktoba 1571, alijeruhiwa kwa risasi, na mkono wake wa kushoto haukufaa tena. Baadaye alikaa mateka Algiers kwa miaka mitano, kuanzia 1575 hadi 1580. Mtu kama huyo alizijua ndoto za wapiganaji. Mwaka 1605 alichapisha sehemu ya kwanza ya Don Quixote, hadithi ya bwana mmoja wa shamba aliyekaribia miaka 50, umri ambao siku zile ulihesabiwa kuwa ni uzee, aliyesoma hadithi za mashujaa wa farasi hata akaamini kuwa yeye ni mmoja wao.

Katika sura ya 35 wasafiri wamepumzika katika nyumba ya wageni. Don Quixote amelala. Ghafula mtumishi wake Sancho anatoka mbio chumbani akipiga kelele kwamba bwana wake anapigana na jitu na amekwisha kulikata kichwa. Watu wanaingia. Wanamkuta mzee amesimama katikati ya chumba, amevaa shati fupi lisilomsitiri, kichwani ana kofia nyekundu ya mwenye nyumba iliyojaa mafuta. Mkono wa kushoto ameuzungushia blanketi iwe ngao. Mkono wa kuume ameshika upanga uchi, anakatakata kila upande na kupiga makelele ya vita. Na macho yake, mwandishi anatuambia waziwazi, hayakuwa wazi, kwa sababu alikuwa amelala na akiota kwamba yumo vitani na jitu. Majitu aliyoyakata ni viriba vya divai nyekundu vilivyowekwa karibu na kitanda chake, na chumba chote kimefurika. Mwenye nyumba anamrukia kwa ngumi, wala mzee haamki. Anaamka kinyozi anapomwaga juu yake mtungi mzima wa maji baridi ya kisima, na hata hapo si kwa kiasi cha kujua yuko katika hali gani. Sancho yuko sakafuni akikitafuta kichwa cha jitu.

Watu wamecheka juu ya sura hiyo kwa miaka mia nne, na wana haki. Lakini mwaka 2004 madaktari wa usingizi wa Barcelona waliisoma upya na kuandika katika jarida la Sleep Medicine kwamba yaliyoelezwa humo yanalingana na maradhi ambayo sayansi iliyatambua karne ya ishirini tu: maradhi ya kutenda ndoto. Macho yaliyofumba, mapigano, ndoto inayolingana na tendo, mwanamume aliyepita makamo. Kuchelewa kwake kuamka hakulingani sawasawa, nami nisingependa kukuficha hilo, lakini mengine yote yanalingana.

Maradhi yenyewe yalipata jina kwa njia hii. Katika usingizi wa ndoto kila mwanadamu hupooza kidogo. Shina la ubongo hufunga njia ya amri ziendazo kwenye misuli, ili anayeota anakimbia asikimbie kweli. Macho na pumzi tu ndivyo huachwa huru. Mwaka 1965 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, aliharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka. Paka wale, wakiwa wamelala fofofo, waliinuka, wakavizia na kurukia panya wasiokuwepo. Hakuna aliyejua kama jambo hilo humpata mwanadamu, mpaka mwaka 1982 alipofika hospitalini Minneapolis, Marekani, mzee wa miaka 67. Alikuwa ameota anacheza mpira wa Kimarekani, akamkabili mpinzani kwa nguvu zake zote, akajikuta sakafuni na jeraha la paji la uso: alikuwa ameikabili kabati. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald walimlaza usiku mmoja akiwa na nyaya kichwani na misulini, wakaona kwamba katika usingizi wa ndoto misuli yake haikulegea. Mwaka 1986 walitangaza kwamba haya ni maradhi mapya, mbali na kutembea usingizini.

Umri wa mzee wetu na jeraha lake la kabati nimeviazima kwake, kama msomaji amekwisha kutambua.

Sasa twafika mahali ambapo makala haya yanaacha kuwa mchezo wa vitabuni. Schenck na wenzake waliendelea kuwafuatilia wanaume 29 wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na maradhi ya kutenda ndoto pasipo sababu nyingine. Mwaka 1996 waliripoti kwamba 11 kati yao walikuwa wamepata ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, yaani Parkinson au ndugu zake. Mwaka 2013 walirudia hesabu: kati ya 26 walioweza kufuatiliwa, 21 walikuwa wamepata Parkinson au aina ya upotevu wa akili unaohusiana nao. Na mwaka 2019 vituo 24 vya nchi mbalimbali viliunganisha wagonjwa 1,280 na kukuta kwamba baada ya miaka 12 zaidi ya 70 katika kila 100 walikuwa wamefikia hali hiyo. Hesabu hizi ni za watu waliofika kwa mabingwa na kupimwa usiku kucha. Si kila mzee arushaye teke moja kwa mwaka ahukumiwe kwa hesabu hizo. Lakini maana yake ni kwamba ngumi za usiku zinaweza kuwa barua iliyotumwa miaka mingi kabla ya mgonjwa mwenyewe kufika.

Je, kuna faida gani kuijua barua hiyo, maadamu dawa ya kuzuia Parkinson haijapatikana? Iko. Mgonjwa atatazamwa. Daktari atauliza juu ya pua isiyosikia tena harufu ya kahawa, juu ya choo kigumu cha muda mrefu, juu ya mwandiko unaozidi kuwa mdogo na hatua zinazozidi kuwa fupi. Dawa za kusaidia mwili uliokakamaa zitaanzwa kwa wakati wake, mzee angali anaweza kufunga vifungo vyake. Na mke hatakuwa mtu anayepigwa tena.

Kuna mambo mengine yanayojifanya kuwa maradhi haya, na katika nchi zetu ni mengi kuliko Barcelona. La kwanza ni kifafa cha usiku. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vinavyojificha ubongoni ni chanzo kikubwa cha kifafa nchini humo. Mtu humeza mayai ya tegu kwa maji, mboga au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, hata kama yeye mwenyewe hajaonja nyama ya nguruwe maisha yake yote. Kifafa cha usiku hurudia tendo lile lile kila mara kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa, hudumu dakika chache, na mara nyingi huacha ulimi ulioumwa na shuka iliyolowa. Mzee wetu ana vita tofauti kila usiku, na shuka yake ni kavu.

La pili ni homa. Burundi ilipata mlipuko mkubwa wa malaria milimani miaka ya 2000 na 2001, na serikali ikatangaza mwingine mwaka 2017. Mzee anayeweweseka kwa siku mbili akiwa na joto mwilini hana la kutafuta katika Don Quixote. Apelekwe kituo cha afya usiku huo huo.

La tatu huwachanganya hata watoto wenye elimu. Mzee huamka kabisa, macho wazi, anafungua mlango na kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa miaka ishirini iliyopita. Huyo halali, amepotelewa na saa na mahali, na mchana pia utamwona akisahau majina ya wajukuu. Aidha yuko akoromaye sana, ambaye pumzi hukatika kisha akarudi kwa kishindo na kutupa mikono, naye anahitaji tiba ya pumzi. Na zipo dawa. Zolpidem, kidonge cha usingizi kinachouzwa kwa majina mengi, kimewafanya watu wapike na hata kuendesha gari wakiwa wamelala, mpaka mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru kionyo kizito kabisa kiandikwe juu ya karatasi yake. Meflokwini, kinga ya malaria ambayo askari wa nchi nyingi waliimeza, ilipewa kionyo kama hicho mwaka 2013 kwa sababu ya madhara yake katika akili na neva. Baadhi ya dawa za huzuni zinaweza kuamsha maradhi yenyewe ya kutenda ndoto. Na mlevi wa siku nyingi aliyeacha urwarwa ghafula anaweza kupigana usiku kucha.

Limebaki la vita, nalo siwezi kulipita mbio mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Burundi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993 kwa zaidi ya miaka kumi, na wengi walioiona vita hiyo, wenye sare na wasio nayo, huamka wakitokwa na jasho. Jinamizi la mambo yaliyotokea kweli, kushtuka mchana kwa mlio wa bati, kukwepa njia fulani, hasira isiyo na chanzo: hayo ni majeraha ya moyo, nayo yana tiba yake, wala si dalili kwamba shina la ubongo limeharibika. Ila maradhi haya mawili huweza kukaa katika mtu mmoja, na tafiti za askari wastaafu wa Marekani zimeyakuta pamoja mara nyingi. Kwa hiyo daktari asiridhike upesi na jibu la "ni vita tu", wala mgonjwa asilitumie kama mlango wa kutorokea. Mzee wetu anaota wezi na mbwa wakali, mambo ambayo hayakumpata kamwe.

Kipimo cha kuthibitisha ni kulala usiku mmoja chini ya mashine inayoandika mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na nguvu ya misuli kwa pamoja. Si kifaa cha kituo cha afya cha mlimani. Lakini kabla ya mashine kuna swali moja tu. Mwaka 2012 watafiti wa nchi kadhaa walilijaribu kwa watu 484: je, umewahi kuambiwa, au wewe mwenyewe kushuku, kwamba unatenda ndoto zako ungali umelala, kwa kupiga ngumi, kurusha mikono au kukimbia? Swali hilo peke yake liliwanasa zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Ugumu wake ni kwamba mgonjwa mara nyingi hajui. Ajuaye ni yule alalaye ubavuni mwake, na huyo ndiye ambaye zahanati nyingi humwacha nje akisubiri kwenye benchi na kikapu mapajani.

Nitasema neno kwa askari polisi pia. Ukiitwa kwenye nyumba ambayo mama ana jicho jeusi, wajibu wako wa kwanza ni kumlinda mama, na hadithi ya ndoto isiwe kichaka cha mpigaji. Wauliza hivi, kila mtu peke yake: ni saa ngapi, taa ilikuwa imezimwa, alitanguliwa na maneno au ugomvi, macho yalikuwa wazi, na alipoamshwa alisema nini. Mpigaji wa kweli hupiga akiwa macho, tena mara nyingi baada ya maneno. Sheria nayo imeyakuta mambo haya. Tarehe 24 Mei 1987 Kenneth Parks wa Kanada, kijana wa miaka 23, aliendesha gari kilometa zipatazo 23, akamwua mama mkwe wake na kumjeruhi baba mkwe, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru kwa kuwa alikuwa katika hali ya kutembea usingizini, na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 1992. Jamaa zake walikuwa na historia ndefu ya matatizo ya usingizi, na mabingwa walimchunguza kwa muda mrefu. Halikuwa neno la mdomo tu.

Turudi Bugendana. Daktari wa Makbeth alipokubali kwamba maradhi ya malkia yamepita ujuzi wake, hakuondoka mikono mitupu: aliagiza kila kitu ambacho malkia angeweza kujidhuru nacho kiondolewe karibu yake, na asiachwe bila macho ya kumtazama. Hapo hatuna la kuongeza ila majina ya vitu. Panga litoke chini ya kitanda. Rungu pia, na mkuki wa babu ulioegemezwa ukutani. Askari aliye bado kazini na ana dalili hizi asilale na silaha ya serikali. Airudishe ghalani na kumwarifu mkuu wake bila haya. Kabati isogezwe, kitanda kishushwe au godoro litandikwe chini, jiko la makaa na taa ya mafuta vikae chumba kingine. Mama alale kitanda cha pili mpaka dawa ifanye kazi, na jambo hilo watoto wakubwa waelezwe, wasije wakadhani wazazi wameachana. Anapopigana, aitwe kwa jina kutoka mbali, asishikwe. Dawa zipo mbili zinazotumiwa sana, melatonini na klonazepamu. Ya pili huweza kumyumbisha mzee akaanguka, na haimfai akatikaye pumzi, kwa hiyo haichukuliwi dukani bila ya daktari. Anayehitaji mabingwa wa neva na akili anaweza kupelekwa kituo cha Kamenge, Bujumbura.

Mzee wetu alikwenda, maana sisi ndio tuliomtunga na tunaweza kumpeleka. Daktari alimsikiliza, akampima joto, akamwambia anyoshe mikono, atembee mpaka dirishani na kurudi, akamnusisha kahawa. Mzee alisema hasikii kitu, tena tangu miaka minne, ila alidhani ni mafua. Ndipo daktari akafungua mlango, akamtazama yule aliyekaa kwenye benchi, akasema, "Mama, karibu uingie na wewe. Kaa hapa. Niambie anavyolala."

Mama aliweka kikapu chini. Alimtazama mumewe kwanza, naye mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza kusema.